Waliniambia ruta yangu imekufa

Kama una ruta ya zamani nzima, usiitupe. Na kama ni ya kampuni iliyotengeneza yangu, usiwapigie simu kabisa.

Ruta kubwa iko sebuleni. Chumba cha nyuma Wi-Fi ilikuwa inafika imechoka, mkutano wa video unakwama watu midomo wazi. Vile vifaa vya kudaka Wi-Fi na kuirusha upya sivitaki, vingi vinapokea na kurusha kwa redio ileile na kasi inashuka karibu nusu. Nikavuta waya wa LAN, yaani wa mtandao wa ndani ya nyumba, mpaka huko nyuma, nikachomeka ruta ya zamani ifanye kazi ya aksesi pointi: isambaze Wi-Fi tu, kugawa anwani, yaani namba ya kila kifaa kwenye mtandao, iiachie ile kubwa.

Modi hiyo ipo kwenye menyu yake. Nikaichagua, ikazima, ikawaka, Wi-Fi ikatoka safi. Ila ukurasa wa mipangilio ukagoma kufunguka. Anwani iliyobandikwa chini ya ruta, 192.168.0.1, kimya. Nami nilikuwa nataka kubadili chaneli tu, yaani masafa ya redio inayorushia Wi-Fi, maana ruta zote mbili zilikuwa kwenye chaneli 6 zikisumbuana. Nikapigia simu huduma kwa wateja ya kampuni.

Yule kijana hakuniacha nimalize kueleza. "Mama, hiyo imekufa. Ni ya zamani, nunua mpya." Nikamwambia Wi-Fi inatoka, naitumia hivi sasa, imekufaje? Akashusha pumzi makusudi nimsikie. "Basi iresiti. Bonyeza kile kitundu cha nyuma, waya uache hapohapo kwenye LAN." Nikamuuliza tena, nisichomoe waya? "Mama, fanya nilivyokuambia." Akakata.

Nikafanya, na nyumba nzima ikakosa intaneti.

Ruta ikiresitiwa inarudi kuwa ruta kamili, na DHCP yake, ile kazi ya kugawa anwani, inaamka. Waya ukiwa kwenye LAN, inaanza kugawa anwani nyumba nzima ikishindana na ile kubwa. Simu ikipewa anwani na hiyo ndogo, inaomba intaneti kwa ruta isiyo na intaneti. Inaandika imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka. Hii inapata, ile haipati, ukizima na kuwasha zinabadilishana. Mwanangu alikuwa katikati ya mtihani wa mtandaoni. Hilo sijamsamehe yule kijana mpaka leo.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba ruta haikuwa na tatizo lolote. Ikiwa kwenye ile modi inapokea anwani mpya kutoka kwa ruta kubwa, basi. Ungefungua ukurasa wa ruta kubwa, ukatazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ungeikuta humo na anwani yake. Mtu anayelipwa kujua jambo hilo hakulijua, na badala ya kusema "ngoja niulize", akaniambia ninunue.

Mwishowe niliipanga kwa mkono. Niliichomoa kwenye mtandao, nikaiunganisha na kompyuta peke yake, nikaipa anwani 192.168.1.2 ambayo ruta kubwa haimgawii mtu, kisha nikazima DHCP. Waya ukatoka LAN ya kubwa ukaingia LAN ya ndogo, tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, nikaliacha wazi. Jina la Wi-Fi na nenosiri sawasawa na za sebuleni, chaneli moja 1, nyingine 11. Tangu siku hiyo imetulia. Simu mara nyingine inang'ang'ania Wi-Fi ya sebuleni hata ukiwa chumbani nyuma, lakini hiyo ni tabia ya simu, siilaumu ruta.

Na chumba cha nyuma sasa kinapendeza! Video hazikwami, faili kubwa zinashuka. Kifaa kilichokuwa kinakula vumbi kabatini kimenifanyia kazi hii, ningekipa nyota nne bila kusita, hata tano.

Halafu nakumbuka ile pumzi aliyoishusha. Nakumbuka pia kibandiko cha chini: kulikuwa na nafasi tele ya kuandika sentensi moja kwamba anwani itabadilika. Hawakuandika. Ni watu wangapi wameambiwa ruta zao zimekufa wakazitupa zikiwa nzima?

Ruta ni nyota nne, kampuni haipati hata nusu nyota. Kwa kuwa kwenye maoni haya siwezi kuzitenganisha, naweka nyota moja.