TAHADHARI: hiyo "leza ya kuimarisha meno" ni taa tu, msitume hela

Jamani kabla hujatuma hela soma hii. Kuna muuzaji mtandaoni ana kidude anakiita leza ya meno, anasema ukijimulika kila usiku enameli, yaani lile gamba gumu la nje la jino, linakuwa gumu zaidi na matundu yanajiziba yenyewe. Nilinunua, nikatumia wiki mbili, saa hizi hata maji ya kawaida yananitia ganzi na yeye kashanibloku.

Nimempelekea daktari wa meno, kakiwasha kaniambia hii ni taa ya bluu ya LED, leza haimo humo. Kilichoniumiza ni ile jeli inayokuja nayo, ina haidrojeni peroksaidi na hawajaandika ni asilimia ngapi, mi nikawa naipaka hadi kwenye ufizi nikijua ndo dawa ya kuimarisha kumbe ni ya kung'arisha!

Uchungu zaidi ni kwamba uongo wao wameubandika kwenye kitu cha kweli. Leza kweli inabadilisha enameli, tangu miaka ya 1960 watafiti waliipiga kwa leza ya rubi wakaona uso wa jino unayeyuka na kuganda kama kioo, na sehemu ile ikawa inastahimili asidi zaidi. Ila moto ukizidi kidogo tu enameli inapata nyufa, inaungua, joto linashuka hadi kwenye neva ndani. Ndo maana leza ya erbiamu wanayochongea meno inarusha maji muda wote ikifanya kazi, na daktari na mgonjwa wote wanavaa miwani maalumu. Sasa hiki cha kuchaji kwa waya wa simu maji yako wapi, miwani iko wapi?

Na tundu kujiziba, hapana. Enameli ni madini kama asilimia 96, haina chembe hai, ikishatoboka haioti tena.

Nilimuuliza mapema leza yako ina urefu wa wimbi gani, yaani kile kipimo cha mwanga kinachoonyesha ni leza ya aina gani, akajibu "ina nguvu ya kutosha dada". Hapo hapo ningekimbia.

Kama umeshanunua usiiguse ile jeli, na kama meno yameanza ganzi nenda nayo kwa daktari aione. Akaunti kabadilisha jina juzi, ila video ni ile ile ya meno yanayong'aa kabla na baada.