Runinga au Simu: Tutegemee Nini Serikali Ikitaka Kuzima Habari?

Barazani hapa Mombasa mjadala huu hauishi. Wazee wanataka runinga, vijana wanasema simu yatosha.

Runinga ina mhariri, ina anwani, na ikionewa ina wakili. Januari 30, 2018, Citizen, NTV na KTN zilizimwa siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa "Rais wa Wananchi" Uhuru Park, Nairobi. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe. Serikali ilikaidi kwa siku kadhaa, lakini zilirudi. Juni 25, 2025 zikaja tena amri za kuzuia maandamano yasirushwe moja kwa moja, na mahakama ikazisimamisha upesi. Udhaifu wake ni mitambo: ikifungwa, nchi nzima haioni kitu.

Simu zi mikononi mwa watu wengi mno. Juni 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walirusha picha wenyewe, Mombasa pia. Lakini uvumi hupita humo humo, na aliyerusha yuko peke yake askari wakimbishia mlango. Tena intaneti nayo huzimwa: Uganda Januari 2021, Tanzania Oktoba 29, 2025. Sisi wa Pwani tuna ndugu Tanga na Unguja. Kukaa bila kujua kama wako salama ni dhuluma, wala siwezi kuiita kwa jina jingine.

Simu na ishuhudie. Ila nikilazimishwa kuchagua kimoja cha kukilinda, nitalinda chumba cha habari, maana hicho ndicho chenye nguvu ya kuishtaki serikali kwa jina lake.