Kuzamia Msimbati: Julai hapana, Novemba ndiyo

Mara ya kwanza nilikwenda Msimbati, kule pwani ya Mtwara, Julai kwa sababu ndiyo likizo niliyopewa kazini. Kosa langu. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ilikuwa imekaza, boti inarukaruka, nikatapika chapati zote kabla sijavaa mtungi wa hewa. Chini maji yamechafuka. Nilichoona ni mapezi ya mwenzangu tu. Na miwani ya kuzamia waliyonikodisha ilikuwa inavuja. Nilipolalamika, yule kijana akaniambia, "Dada, itemee mate ndani." Nikatema. Ikaendelea kuvuja.

Novemba hii nimerudi, majira ya tanga mbili, kusi imeondoka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijashika. Bahari imelala. Nahodha, mzee asiye na maneno mengi, alikataa kabisa kutoka siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwa sababu mkondo unavuta. Akatungojesha mpaka maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Nilinuna siku mbili pale Mikindani, ila mzee alikuwa sahihi. Matumbawe ya ghuba ya Mnazi niliyaona vizuri, na samaki taa mwenye madoa ya buluu amejifukia mchangani, macho tu nje.

Msichelewe sana, mvua zikikolea mto Ruvuma unashusha tope. Kiingilio cha hifadhi ya bahari ulizeni mapema. Sisi tuliambiwa tukiwa ufukweni. Miwani nilikwenda na yangu.