Kamera ya nyuma ya baiskeli: tathmini ya mtu wa madai ya bima

Wanaoniuliza kuhusu kamera ya nyuma ya baiskeli huanza na ubora wa picha. Mimi naanza na sauti, saa na usalama wa faili. Kazi yangu ya miaka mingi ni madai ya bima ya magari. Mezani kwangu hupita maelezo ya madereva na waendesha baiskeli waliogombana barabarani, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye aliyeanza, na mara nyingi hakuna shahidi wa tatu. Mimi mwenyewe naendesha vyote viwili, gari na baiskeli. Kwa hiyo kifaa hiki nimekipima kwa swali moja: siku mambo yakifika polisi au mahakamani, kitasimama?

Kitasimama. Ila kitasema yote kiliyoyaona na kuyasikia, yakiwemo ya kwako.

Chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Juu kina taa nyekundu, chini yake lenzi, na kinafungwa kwenye nguzo ya siti kwa mkanda wa mpira. Kinarekodi mfululizo, kadi ikijaa, vipande vya zamani vinafutwa ili vipya vipate nafasi. Ndani kina kihisio cha mtikisiko: ukianguka au ukigongwa, kipande cha wakati huo kinafungwa kisifutwe. Chapa siitaji, maana kasoro nitakazozieleza nimezikuta hata kwenye kamera za kampuni nyingine nilizoazima kwa wenzangu.

Tuanze na namba za gari, kwa sababu bila namba hakuna kesi. Mchana, gari likikukaribia kutoka nyuma, kibao cha namba kinasomeka vizuri. Jioni taa za mbele za gari zinaimwagia lenzi mwanga na kibao chote kinageuka doa jeupe. Kwenye barabara mbovu mtikisiko unafanya 8 na 3 zifanane. Watengenezaji wanasifia sana idadi ya nukta za picha, lakini gizani nukta hizo hazikusaidii kitu. Kinachosaidia ni mdomo wako. Gari likishapita, soma namba kwa sauti, taja rangi na aina ya gari, na useme uko wapi. Picha ikishindwa, maikrofoni inakuwa imeshachukua.

Na hapo ndipo kifaa hiki kilinishangaza. Nilitarajia sauti iwe upepo mtupu. Kumbe kwa mwendo wa kawaida wa baiskeli inasikika vizuri, hasa maikrofoni ikiwa nyuma, ambako mwili wako wenyewe unaukinga upepo.

Nitawapa mfano. Dereva wa gari dogo la mizigo alinikuta sehemu nyembamba isiyo na nafasi ya kunipita. Akapiga honi, akaendelea kuipiga, kisha akanipita kwa kunibana, kioo chake cha pembeni kikipita karibu na kiwiko changu. Kwenye taa za barabarani nikamfikia. Akashusha kioo na kuniambia barabara si ya baiskeli, na siku nyingine angenilaza mtaroni. Sikumjibu. Nilisoma namba za gari lake kwa sauti ya kawaida, taa zikawaka kijani, akaondoka.

Kwenye picha, tukio lile ni gari linalopita. Karibu tu, hakuna la ajabu. Kwenye sauti ni jambo jingine kabisa: honi ndefu inaanza mbali, injini inanguruma kwa ghafla kabla gari halijatokea pembeni yangu, halafu maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Ofisa aliyepokea malalamiko yangu aliirudia sehemu ya honi na injini kuliko sehemu nyingine yoyote. Nilimwelewa. Alikuwa anatafuta nia.

Nia ndiyo inayotenganisha mambo kisheria, na watu wengi hawalijui hili. Dereva asiyekuona akakugusa anaweza kushtakiwa kwa uzembe. Dereva aliyekuona, akakasirika, akalielekeza gari kwako au akafunga breki mbele yako makusudi, huyo ameingia kwenye jinai nzito zaidi: uendeshaji wa hatari, shambulio, kudhuru mwili. Mfano ninaoutaja kila mara ni wa Los Angeles, Marekani. Tarehe 4 Julai 2008, kwenye barabara ya Mandeville Canyon, daktari mmoja aliwapita waendesha baiskeli wawili baada ya kurushiana maneno, kisha akafunga breki ghafla mbele yao. Mmoja aliingia kwa uso kwenye kioo cha nyuma cha gari, mwingine akarushwa barabarani. Mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani, na miongoni mwa makosa yake lilikuwamo shambulio kwa silaha ya kuua. Silaha yenyewe ilikuwa gari. Januari 2010 akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Na kilichomponza zaidi ni ulimi wake: askari aliyefika pale alitoa ushahidi kwamba dereva huyo alimwambia alifunga breki ili kuwafundisha adabu.

Sasa fikiria maneno kama hayo yakiwa kwenye kadi ya kamera, yametamkwa kwa sauti ya mwenyewe.

Kwa upande wangu wa bima, nia hiyo ina uzito wake pia. Mikataba mingi ya bima ya gari haimkingi mtu kwa madhara aliyoyasababisha kwa makusudi. Nchi nyingine kampuni hulazimika kumlipa majeruhi kwanza, kisha ikamgeukia dereva kudai fedha zake. Dereva anayedhani hasira zake zitalipiwa na bima ajue kwamba anaweza kubaki na deni la maisha, juu ya kifungo na kunyang'anywa leseni. Nimeona familia zikiyumba kwa jambo lililodumu chini ya dakika moja. Inaniuma kila ninapofungua jalada la namna hii, kwa sababu karibu mara zote pangekuwa na njia ya kupita.

Lakini ndugu zangu wa baiskeli, msikilize na hili. Kuna mtu alileta rekodi yake akiwa na uhakika wa kushinda. Na kweli, mwanzoni haki ilikuwa yake: gari limembana vibaya, halikuwa na sababu. Rekodi ikaendelea. Akalifukuza gari, akalifikia kwenye foleni, akakipiga ngumi kioo cha pembeni mpaka kikaning'inia, akamtukana dereva na mama yake, akamwambia ashuke amuue. Jalada moja likazaa mawili: la dereva kwa uendeshaji mbaya, la mwendesha baiskeli kwa kuharibu mali na kutishia kuua. Dai lake la fidia likakwama humo. Sheria haikuandikiwa wenye injini peke yao. Mwaka 2017 huko Uingereza, kijana aliyemgonga mtembea kwa miguu akiwa kwenye baiskeli isiyo na breki ya mbele, na mtembea kwa miguu huyo akafariki, alifungwa miezi 18 kwa sheria ya mwaka 1861, ya enzi za magari ya farasi.

Kwa hiyo faida kubwa niliyoipata kwa kamera hii ni kwamba nimekuwa mtu wa kunyamaza. Najua inanisikia. Dereva akipiga kelele mimi nasoma namba, basi. Mtu akishuka kwenye gari, naiweka baiskeli katikati yetu, sishiki gari lake, simnyooshei kidole, natafuta penye watu.

Kasoro kubwa kuliko zote ni lenzi pana. Inavuta ndani barabara nzima na mitaro yote miwili, jambo zuri, lakini gharama yake ni kwamba kila kitu kinaonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Gari lililopita karibu kukugusa linaonekana limekupa nafasi ya kupumua. Unamwonyesha mtu rekodi huku moyo ukienda mbio, naye anakutazama na kuuliza, ndiyo hii tu? Na umbali ndio kiini cha makosa mengi ya aina hii. Mwongozo wa barabara wa Uingereza, uliorekebishwa mwaka 2022, unataka dereva aache angalau mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli akiwa kwenye mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, na zaidi ya hapo kwa mwendo mkubwa zaidi. Ujerumani tangu mwaka 2020 ni mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. California ni futi 3, karibu mita moja kasoro kidogo.

Dawa niliyoipata ni rahisi. Nilisimamisha baiskeli pembeni ya gari lililoegeshwa, nikapima mita 1.5 kwa futi kamba kutoka ncha ya usukani, nikarekodi. Kisha nikasogea mita moja, nikarekodi tena, na nusu mita vilevile. Vipande hivyo vitatu ninavyo, na nikipeleka malalamiko naviambatanisha, ili anayetazama aone mwenyewe lenzi hii inavyoonyesha umbali. Polisi wa West Midlands huko Uingereza walitumia akili ya namna hiyo walipoanzisha operesheni yao mwaka 2016: askari asiyevaa sare anaendesha baiskeli, dereva akimpita kwa kumbana anasimamishwa mbele, anaonyeshwa kwenye mkeka uliochorwa baiskeli na umbali unaotakiwa. Macho yakishaona, ubishi unapungua.

Saa ya kamera nayo iangaliwe. Hii yangu ikiishiwa chaji kabisa inapoteza tarehe, na ikiwashwa inaandika ya miaka iliyopita mpaka uiunganishe na simu. Wakili wa upande wa pili akiona tarehe haiendani, atalishikilia hilo mpaka mwisho. Nimezoea kuhakikisha saa kabla sijapanda.

Faili lenyewe liachwe kama lilivyo. Usilikate, usiliongezee maandishi, usilipunguze ukubwa ili lipite kwenye simu. Nakili kadi nzima, kisha toa nakala kutoka kwenye nakala. Toa pia dakika kadhaa za kabla ya tukio na za baada yake, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni wewe ulikuwa unafanya nini. Kihisio cha mtikisiko hapa hakitoshi: kinafunga kipande ukianguka, lakini gari likikubana bila kukugusa hakijui kwamba kuna kitu kimetokea. Lazima ubonyeze kitufe mwenyewe, na kitufe kiko nyuma ya makalio yako. Waliobuni mpangilio huu sidhani kama waliwahi kupita kwenye foleni ya magari. Wahi pia kuipeleka rekodi polisi. England, kwa makosa kama uzembe na uendeshaji wa hatari, taarifa ya kusudio la kushtaki inatakiwa kumfikia mwenye gari ndani ya siku 14 ikiwa dereva hakuonywa papo hapo, na polisi wanahitaji muda wao humo ndani.

Wengi hukimbilia kuianika rekodi mtandaoni kwanza. Nawasihi msifanye hivyo. Sura na namba za mtu ni taarifa zake binafsi, na nchi nyingine ni kali sana kwa hilo. Mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani iliamua Mei 2018 kwamba rekodi ya kamera ya gari inaweza kupokelewa kama ushahidi katika shauri la ajali, ijapokuwa kurekodi mfululizo bila sababu kunavunja sheria ya faragha. Maana yake unaweza kushinda dai na bado ukapigwa faini kwa namna ulivyoupata ushahidi. Ulizia sheria ya mahali ulipo kabla hujaifunga kamera, hasa kuhusu sauti.

Mengine ni madogo. Mvua inaacha tone kwenye lenzi na tope la gurudumu linaziba kila kitu, hivyo madigadi ni lazima. Mkanda wa mpira unachakaa. Chaji inakwisha mapema taa ikiwaka kwa nguvu.

Ningeinunua tena. Ila sasa natafuta na ya mbele, maana ya nyuma inamwona anayekuja tu. Dereva anayekupita kisha akafunga breki kwa kukukomoa, kama yule wa Los Angeles, kitendo chenyewe anakifanya pale ambapo lenzi ya nyuma haifiki. Mwenye uwezo wa kununua moja aanze na ya nyuma, achague yenye maikrofoni inayosikika na saa inayojirekebisha, na aifunge chini ya siti mahali ambapo koti halitaifunika.