3D ya sinema ya 1952 na 3D ya Sega sebuleni: ipi kali?

Watu wengi wakisikia 3D ya zamani wanawaza miwani ya karatasi nyekundu na bluu, kumbe Bwana Devil, ile filamu ya Kimarekani ya 1952 kuhusu simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli (ndio, simba wetu wa Kenya hao!), ilitumia miwani ya polaroidi yenye vioo vya kijivu. Projekta mbili zinarusha picha mbili kwa pamoja kwenye skrini ya rangi ya fedha, kioo cha kila jicho kinapitisha picha yake tu, basi mkuki unakuja usoni. Shida ni kwamba projekta moja ikichelewa kidogo tu kichwa kinaanza kugonga.

Sega Master System, mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye tivi ya miaka ya 80, ilikuja kivingine kabisa. Miwani ina waya, inachomekwa kwenye tundu la kadi mbele ya mashine, kioo cha kushoto kinaziba cha kulia kinafunguka, zamu kwa zamu, kila jicho kama mara 30 kwa sekunde, kwa hiyo picha inapepesuka kama taa ya tyubu inayokufa. Tena inataka tivi ya kichogo, flatskrini hizi za leo wapi! Na kwenye Master System II, toleo lililofuata, wakaitoa hiyo tundu, miwani ikabaki pambo.

Kwa picha iliyotulia mi naipa sinema. Ila kwenye gemu ya Sega ya Missile Defense 3-D, kombora linakujia na bunduki unayo mwenyewe, aisee sinema haikupi hiyo.