Namba 65 iliyonidanganya: sensa za tairi kwenye Coaster yangu ya kulala

Juzi pale Igoma kijana mmoja mwenye Hiace aliona vile vikofia vyeusi kwenye tairi zangu, yaani sensa za kupima upepo, akaniuliza kama vinafaa. Nilimjibu kwa ukali, akaondoka bila kuaga. Hakuwa na kosa. Jibu nililopaswa kumpa ni hili.

Mimi Coaster yangu niliitoa viti. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi na tangi la maji la lita 200, yaani likijaa ni kilo 200 zinalalia nyuma. Tairi za nyuma ni nne, mbili mbili, na roho yangu siku zote iko kwenye ile ya ndani. Ikipungua upepo huioni. Ya nje inabeba mzigo wote, gari linasimama wima kama kawaida, unaipiga teke unasikia ngumu, unapanda unaondoka. Kwa ajili ya tairi hiyo moja ya ndani ndiyo nilinunua sensa. Sikununua kwa sababu nyingine yoyote.

Duka liko mjini kati, jina nalihifadhi. Muuzaji alifunga mwenyewe zile sensa kwenye valvu, akabandika kiskrini juu ya dashibodi, akasema, "Mzee, hapo wewe endesha tu."

Nikaendesha. Mimi na mama watoto tulikuwa tunakwenda Musoma kwa binti yetu. Alfajiri, tairi zikiwa baridi, nilijaza upepo za nyuma zote, psi 65. Tukapita Kisesa, tukapita Nyanguge, namba zinapanda taratibu: 68, 70, 72. Ni sawa, tairi ikipata joto upepo unapanda. Ile ya ndani kushoto ikabaki 65. Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikamwambia mke wangu, "Hiyo ndiyo imetulia kuliko zote."

Tumeiacha Magu nyuma, hatujafika Lamadi, tukasikia mlio kama bomu. Tairi ya nje kushoto imepasuka, vipande vimetawanyika lami yote. Fundi tairi alikuja na bodaboda, kijana mpole, akanisalimia "Mwangaluka baba" kabla hata hajaangalia gari. Alipoitoa ile ya ndani na kuifungua akaiinamisha, ukamwagika kiganjani mwake unga mweusi wa mpira, umesagika kama majivu. Akanionyesha. "Baba, hii ilishakosa upepo zamani. Hii ya nje imeuawa na mwenzake." Msumari ulikuwa mdogo kuliko kucha ya mtoto.

Mama watoto akaniita nikatazame dashibodi. Tairi iko chini, imefunguliwa, fundi ameishika mkononi. Skrini inaandika 65.

Hapo ndipo nilipoelewa. Gari likitembea, mawimbi ya sensa ile hayakuwa yanafika mbele kwenye skrini. Bodi ni ndefu, ni bati tupu, na kifaa badala ya kulia au kufuta namba kikawa kinaonyesha ile ya asubuhi tulipokuwa tumepaki. Namba isiyopanda wakati wenzake wanapanda ni namba iliyokufa. Hakuna aliyeniambia.

Nikarudi dukani na boksi. Ndani ya sponji kuna kishimo cha mstatili, kitupu. Kwenye kijitabu kuna picha ya kitu kinachokaa hapo: ripita, kidude cha kufunga nyuma ya gari kipokee mawimbi na kuyasukuma mbele. Nikamwonyesha muuzaji. Shikamoo hakuna, kiti hakuna. Akasema, "Mzee, kwa umri wako mambo haya ungemwachia mwanao." Halafu, bila haya, akafungua droo akatoa ripita. "Hii tunauza peke yake."

Nilinunua. Naumia kuandika hivyo, lakini nililipa, kwa sababu mke wangu hakutaka kupanda tena gari lile bila kitu hicho.

Na sasa nisiwe mwongo: tangu nimefunga ripita, kifaa kinafanya kazi. Mwezi uliofuata tulivuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema, mbele kidogo kikalia, tairi ya mbele inashuka, 58, 55, 51, tunaona kwa macho. Nikasimama pembeni tukaziba pancha bila kutoa jasho. Isingekuwa kifaa hicho sijui ningelala wapi usiku ule. Kwa hiyo kijana wa Igoma, nunua. Ila usinunue cha aina hii kama gari lako ni refu na huna ripita! Chomoa sensa moja mbele ya muuzaji uone kama skrini inapiga kelele au inakaa kimya na namba yake ya jana. Na valvu za mpira zibadilishe uweke za chuma. Yule fundi wa Lamadi alinionyesha moja imeanza kupasuka shinani kwa uzito wa sensa ikitikisika barabarani. Hilo nalo dukani hawakulisema.

Wiki iliyopita nilipita pale. Maboksi bado yako rafuni, mapya. Nikaomba kufungua moja. Kishimo kilikuwa kitupu.