Programu ya Biblia kwenye kishikwambi: nilitafuta moja, nimebaki na mbili

Tangazo la kubeti lilitokea katikati ya Zaburi ya 51. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, zamu yangu ya kuongoza neno katika jumuiya yetu, na kishikwambi nilikuwa nimekinunua kwa kazi hiyo hiyo. Programu ile niliipakua kwa sababu ilikuwa ya bure na ina nyota nyingi. Sikuangalia aliyeitengeneza wala tafsiri iliyomo. Iliniuma sana, maana ile ni zaburi ya toba. Nilipofika nyumbani niliifuta.

Tangu hapo, kabla ya kupakua chochote nataka kujua mambo mawili: mwenye programu ni nani, na tafsiri ni ipi. Hivyo ndivyo nilivyofika YouVersion, ya kanisa la Life.Church la Marekani, iliyoanza mwaka 2008. Ni ya bure na haina matangazo. Nimekuta humo Union Version ya 1952, ambayo wengi wetu tumekariri mistari yake tangu shule ya Jumapili, na pia Habari Njema. Maandishi unayakuza hadi mzee asiye na miwani anasoma. Siyo kila tafsiri inaruhusu kupakuliwa ikasomwa bila mtandao, kwa hiyo hakikisha yako imeshuka ukiwa bado na bando.

Kwa kusoma kila siku ningeishia hapo. Ila mimi hufundisha, na wiki moja somo lilikuwa Yohana 21, pale Yesu anapomuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Kwenye Union Version neno ni “wanipenda” mara zote tatu. Mama mmoja akauliza: kama swali ni lile lile, kwa nini Petro alihuzunika la tatu? Sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu nililitafuta kwenye MySword, programu ya Android, nayo ya bure. Ndani yake unaweka Biblia ya Kiingereza ya King James yenye namba za Strong, zile zinazotokana na itifaki ya James Strong ya mwaka 1890, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana. Ukigusa namba, linafunguka neno la asili la Kiebrania au Kigiriki pamoja na maana yake. Nikaona kwamba maswali mawili ya kwanza ya Yesu yana namba 25, agapao (kupenda kwa kuamua), na la tatu lina 5368, phileo (kupenda kama rafiki), ambalo ndilo Petro alilolitumia katika majibu yake yote. Wapo wataalamu wanaosema Yohana anabadilisha maneno tu bila kukusudia tofauti ya maana, na Jumamosi iliyofuata nililieleza hilo pia. Lakini mama yule alipata kitu cha kutafakari, na mimi sikubuni.

Namba hizo zimefungwa kwenye Kiingereza. Ndiyo maana sasa nagawa kioo mara mbili, jambo ambalo Android inaliruhusu tangu toleo la 7: kushoto YouVersion na Kiswahili, kulia MySword na namba. Kwenye simu ungebanwa. Kwenye kishikwambi cha inchi 10 nasoma pande zote mbili bila kukodoa macho. Mwenye iPad hataipata MySword. Aangalie e-Sword, iliyoanzishwa na Rick Meyers mwaka 2000, ambayo ina toleo la iPad.

Kuna nyingine ya kulipia niliyoijaribu, maktaba kubwa kweli, vitabu vya ufafanuzi tele. Nilifika kwenye ibada ya nyumbani ambako mtandao hauna nguvu, ikanidai niingize nywila upya kabla ya kufungua vitabu nilivyokwisha kuvilipia. Sikurudi tena kwake.

Kinachonichosha mpaka leo ni kwamba maelezo ya Strong yako kwa Kiingereza. Ijumaa jioni nakaa na daftari, natafsiri maana moja moja, nyingine namuuliza mwinjilisti wetu, kisha nazinakili chini ya mstari wake kwenye kishikwambi. Inachukua kama saa mbili. Programu yenye namba hizo juu ya Kiswahili chenyewe, na maana zake kwa Kiswahili, ningeilipia kwa moyo wote.